Kanali wa Cheptoo

Jumanne, 4 Novemba 2025

Leo nimeringa mpaka mdomo umechoka! Tulikuwa baying senta tukingoja lori la majani chai. Jirani yangu Phelis akaanza tena na mkwe wake Kebaso wa benki. Nikamwacha amalize. Halafu nikasema Cheptoo wangu huko chuo kikuu yuko na Kanali. Mwingereza. Tena mbunge! Alipigana vita Amerika, akarudi, mjomba wake akampa kiti cha bunge — bila jasho.

Mama mmoja akacheka, "Kumbe hata huko wanapeana kifamilia!"

Phelis akainama kufunga gunia lake.

Sikusema tu kwamba Kanali alikufa 1794. Cheptoo ameandika kitabu cha udaktari, ule wa kusoma si wa hospitali, juu ya maisha yake. Lakini hakuna aliyeniuliza mwaka!

Alhamisi, 6 Novemba

Mungu wangu. Shemeji Kiptanui, ndugu ya marehemu mume wangu, amekuja na fimbo yake ya vikao.

"Mama Cheptoo, mkwe Mzungu, na mimi nasikia kwa watu?"

Ameitisha koito, kikao cha mahari, Jumamosi, Cheptoo akija. Kanali aje apange ng'ombe. Friesian, si pesa — akicheka mwenyewe!

Nilitaka kumwambia. Lakini tangu tumzike ndugu yake sijamwona akicheka hivyo. Nikaongeza chai.

Ijumaa, 7 Novemba

AMEPITA! Cheptoo ni daktari! Nimelia mpaka kuku wamekimbia.

Nikamweleza kwa simu juu ya koito. Alicheka, halafu akaacha. "Mama, mwambie baba mkubwa ukweli kabla sijafika."

Nimesema sawa.

Jumamosi, 8 Novemba

Sijamwambia. Niko jikoni, nimejifungia. Wazee wako uani kwa viti vya kanisa. Hata Phelis ameleta ndizi, amevaa kitenge kipya — kwa heshima yetu, maskini!

Mursik yangu, maziwa ya kugandisha, imeiva kwa kibuyu. Niliiweka ya kumpongeza Cheptoo.

Amefika. Shemeji anauliza Kanali ako wapi. Nachungulia dirishani. Cheptoo ametoa kitabu, amemwekea magotini. Shemeji amevaa miwani. Ameona picha — ile ya nywele nyeupe za kubandika.

"Mbona mzee hivi? Alizaliwa lini?"

Cheptoo amesema yote. Mpaka kufa.

Wazee wote wamenyoosha shingo. Hata ng'ombe wangu hatafuni.

Shemeji amefunga kitabu polepole. "Na yule mjomba aliyempa kiti — huyo pia alikufa? Basi nani atalipa?"

Phelis ameanguka na ndizi zake akicheka! Lakini shemeji hachek— anagonga mlango na fimbo.

"Mama Cheptoo! Toka. Na ubebe kibuyu cha mursik, daktari wetu anywe."