Noti Iliyokutwa Kwenye Koti la Rosaire

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Normande Pelletier
Umri: Miaka 74
Kazi: Mpishi mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: Barabara ya Ziwani, Saint-Bruno, Kaunti ya Aroostook, Maine
Kuhusu: Ajali ya pikapu yenye bamba la theluji, tarehe 9 Februari

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Sajini Theriault ameniuliza kama nataka wakili awepo. Nimemwambia wakili wa karibu yuko mwendo wa saa nzima na barabara zote ni barafu, basi aandike tu.

Rosaire Cyr ni jirani yetu, nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa mkata magogo mpaka mgongo ulipomshinda. Miaka miwili iliyopita alifunga bamba la chuma la kusukumia theluji mbele ya pikapu yake. Siku alipokwenda kulitaja kwa wakala wa bima nilikuwa naye, kwa sababu nilikuwa na safari yangu ya duka la dawa. Yule dada wa bima alimweleza polepole. Bamba limeongezwa kwenye bima yake. Akisafisha uani kwake, au akimsaidia jirani bure, ana kinga. Lakini siku atakapopokea malipo, hiyo ni biashara, na bima ya gari la nyumbani haitamtambua.

"Ukitaka kufanya biashara, kata bima ya biashara," akasema.

"Biashara gani, bibie?" Rosaire akamjibu. "Mteja wangu mkubwa atakuwa huyu Normande, na kwake sitaona kitu zaidi ya pai ya nyama."

"Basi na hizo pai ule taratibu," akasema yule dada, na sote tukacheka.

Tangu hapo Rosaire ametuondolea theluji kila inapoanguka. Nampelekea pai, naye sahani yangu hairudi tupu. Mara samaki, mara jamu ya mkewe. Sajini ameniambia habari za sahani hazihitajiki. Nimemwomba aziandike.

Mnamo tarehe 9 Februari, siku ya Jumapili, theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Rosaire alifika kama saa mbili asubuhi. Nilikuwa jikoni, dirisha linatazama uani. Alipokuwa amebakiza fungu moja tu la theluji karibu na banda, mume wangu Philias alitoka nje, akaenda kwenye dirisha la pikapu, akamnyooshea Rosaire noti. Rosaire akaipokea, akaitia kwenye mfuko wa koti. Wakati huohuo Darlene Ouellette, aliyekuja kunichukua twende misa, alikuwa anashuka kwenye gari lake kule barabarani. Aliyaona hayo kama nilivyoyaona mimi.

Philias akarudi ndani. Rosaire akarudisha gari nyuma ili apate nafasi ya kulisukuma lile fungu. Darlene alikuwa amekatiza nyuma ya pikapu, akateleza, na rundo la theluji likamficha. Gari likamgonga. Nilisikia sauti yake kabla sijafika mlangoni. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika, hilo halikuhitaji daktari.

Rosaire alivua koti akamfunika. Akapiga magoti pale kwenye theluji na shati lake la flana, akamshika mkono, akawa anamwambia, "Nitukane, Darlene, nitukane tu, ila usilale." Darlene alimtukana vizuri mpaka gari la wagonjwa likafika. Aliondoka na lile koti. Huko hospitali, walipoorodhesha vitu vyake, wakakuta noti ya dola ishirini mfukoni.

Mkaguzi wa bima alimuuliza Darlene kama aliona pesa zikitolewa. Alisema ndiyo. Simlaumu, aliyevunjika ni yeye, na uongo haujui. Rosaire naye alipoulizwa hapa kituoni alisema, "Nilipewa pesa," kisha akafunga mdomo. Kwa hiyo bima imekataa kulipa. Darlene anasafisha vyumba vya wageni. Asiposimama hapati mshahara, na gharama za hospitali zinamsubiri. Rosaire hana cha kumlipa isipokuwa nyumba anayolala.

Juzi nilikwenda kwake. Nilimkuta anafungua bamba kutoka kwenye pikapu.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikamuuliza.

"Niliwaambia ukweli. Walisema nimepewa pesa, nikasema nimepewa."

"Ukaacha nusu."

"Hiyo nusu si yangu, Normande. Ni yako na mzee wako."

"Una kichwa kigumu, wewe."

"Mti uliniangukia kichwani mwaka ule na bado nipo. Kichwa laini kingenifaa nini?"

Alicheka peke yake. Mimi nililia njia nzima kurudi nyumbani, na nimelia kwa hasira zaidi kuliko huruma.

Sasa nasema hiyo nusu. Mume wangu Philias, mwenye miaka 79, ana ugonjwa wa kusahau. Tulilima viazi miaka mingi, na yeye alikuwa akiwalipa vibarua mkononi, siku hiyohiyo, kabla hawajapanda gari. Shamba tumeliuza zamani, lakini yeye bado analo. Anadhani Rosaire ni kibarua wake. Mara ya kwanza alipompa pesa, Rosaire alikataa kwa adabu. Philias hakula siku ile. Aliniuliza amemkosea nini mtu yule hata aikatae pesa yake.

Baada ya hapo Rosaire akawa anapokea. "Asante, bosi," anamwambia. Akimaliza kazi anapitia mlango wa jikoni, ananipa noti, nami nairudisha kwenye pochi ya Philias. Noti ni moja, ileile, tangu theluji ya kwanza ya msimu huu. Kona yake moja imeungua, kwa sababu niliwahi kuiacha juu ya jiko. Nimeonyeshwa noti hapa kituoni na nimeitambua. Asubuhi ile Rosaire hakupata nafasi ya kufika mlango wa jikoni.

Nilimwomba asimwambie mtu yeyote. Binti yetu wa Portland akijua, atataka baba yake apelekwe kwenye nyumba ya wazee. Na watu wangeanza kumsemesha kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya. Rosaire aliniahidi, na ameitunza ahadi hiyo mpaka karibu impokonye nyumba. Nimemficha mume wangu kana kwamba ameiba. Hakuiba. Anaumwa.

Sajini ameniuliza kama najua kwamba maelezo haya yatasomwa na kampuni ya bima, na labda mahakamani, mbele ya watu. Najua. Jioni hii nitampigia binti yangu simu kabla hajasikia kwa wengine.

Nimesomewa yote niliyosema na sina la kuondoa.

Sahihi: N. Pelletier

Maelezo ya ofisa: Yamepokelewa na mimi, Sajini G. Theriault, na kusomwa kwa shahidi kabla hajatia sahihi. Naongeza yafuatayo kwa kuwa yanahusu shauri hili. Nilipomsindikiza shahidi hadi mapokezi, mumewe, aliyekuwa akimsubiri kwenye benchi, alisimama, akaniuliza leo nimejaza mapipa mangapi ya viazi. Nilimjibu kumi na mawili. Akatoa noti ya dola tano akanipa, akaniambia niwahi nyumbani kabla ya giza. Niliipokea. Nikasema asante, bosi. Tulipofika mlangoni nilimrudishia Bi. Pelletier.