Baba, Uliyetangulia Kupanda Roshani

Mwaka umezunguka, Baba, tangu ulipotoka nyumbani asubuhi bado unatafuna mkate, ukamwambia Mama, "Leo tunamaliza mapema," halafu hukurudi tena.

Kiti chako hakuna anayekikalia. Hatukukatazana, tunajikuta tu tunakizunguka.

Watu walikuita Kata, kwa jinsi ulivyolipaza neno hilo kazini kila ulipotaka kamera zisimame. Ulianza kwa kubeba nyaya kwenye kituo cha televisheni, ukawa mpiga picha, kisha ukapewa uongozaji wa tamthilia iliyokuwa imekimbiwa na watazamaji. Waigizaji walisema maneno yao kama wanaosoma tangazo. Uliwanyang'anya makaratasi, ukawaambia, "Gombaneni kama mnavyogombana kwenu." Haikupita muda, ikifika saa ya tamthilia mtaa mzima unatulia, na sisi shuleni tukawa tunatembea vifua mbele.

Nyumbani nako ulituongoza. Mdogo wetu akilia kilio cha uongo ulimwambia, "Rudia, sijaamini." Akicheka, yamekwisha. Ila mbele ya Mama ulikuwa mwigizaji tu. Yeye akisema kata, unakata.

Hukumpeleka mtu mahali ambapo mwenyewe hujafika. Mwigizaji akitakiwa kuingia majini, uliingia wewe kwanza, na suruali yako. Wenzako wakikucheka, uliwajibu, "Huyu ana mama yake anamsubiri."

Katika filamu yako ya mwisho, mwanamke mjamzito alitakiwa kumwita mumewe kutoka kwenye roshani ya nyumba kuukuu. Seremala aliikagua, akakwambia mbao zimeoza kwa chini. Ukaomba zibadilishwe. Mtayarishaji akasema zipakwe rangi tu, jua linazama. Na yule dada mwigizaji alikuwa mjamzito kweli. Alishaanza kupanda ngazi.

"Shuka, mwanangu," ulimwambia. "Nipande mimi."

Fundi sauti alikuwa na hedifoni masikioni. Anasema ulitembea taratibu hadi katikati, ukakanyaga ubao kwa mguu mmoja kuupima, ukasema, "Hapana, hii haifai." Hapo hapo mbao zikaachia.

Tulifika hospitali ukiwa umeshafunikwa. Shangazi ndiye aliyekutambua. Mama aliishia mlangoni.

Yaliyofuata yalikuwa kidonda juu ya kidonda. Kampuni ya filamu ilitoa taarifa kwamba ulikaidi, ukapanda bila ruhusa, ukajiponza mwenyewe. Watu walitupa pole huku wakinong'onezana kwamba ulikuwa umelewa. Wewe, ambaye hata soda ulikunywa kwa kubembelezwa! Seremala alijitokeza akasema alichokiona, na tangu hapo hapewi kazi. Uchunguzi ulithibitisha kwamba mbao zilikuwa zimeoza na kwamba uliomba zibadilishwe. Kampuni haijaifuta taarifa yake mpaka leo. Filamu imemaliziwa na mwongozaji mwingine. Tulialikwa siku ya kuonyeshwa, hatukwenda.

Ndiyo maana tunasema hapa, mbele ya kila anayesoma: hukuwa mzembe, Baba, wala hukuwa mkaidi. Ulikataa mtoto wa mtu afe ukimwangalia.

Yule dada alikuja nyumbani baada ya kujifungua. Alisimama sebuleni, akamwekea Mama mtoto mapajani. Mama alimtazama sana, akamshika vidole, kimoja baada ya kingine. Mimi, bintiyo mkubwa ninayeandika haya, nilidhani atalia. Hakulia. Alimrudisha kwa mama yake, akasema, "Mlee." Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na mgeni wetu akanywa chai yake akiwa amesimama.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anatandika upande wako wa kitanda. Na sisi wanao. Na dada yako, Shangazi yetu. Na wajukuu zako, hata yule ambaye hukuwahi kumwona. Na seremala na fundi sauti, ambao sasa ni ndugu zetu.

Hututoki moyoni, Baba, leo na siku zote.