Gramu Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Leo programu tunayoitengenezea wodi ya watoto wachanga imenichefua! Muuguzi anaandika uzito wa mtoto kwa gramu. Kompyuta inaupokea kama maandishi, sawa na jina la mtu; lazima yageuzwe kuwa namba ndipo ipige hesabu ya dawa. Nikajaribu 2,500, na mkato wake. Ikasoma 2. Gramu mbili! Ilipofika kwenye mkato ikaishia hapo, zilizobaki ikatupa — kimya kimya. Nikaandika “hajapimwa”. Ikanipa sifuri, bila hata kuguna.

Jumanne, 5 Machi
Nimerekebisha. Kisichokuwa tarakimu tupu kinakataliwa: “Andika upya.” Bwana Haraka — ndivyo tunavyomwita bosi, akiwa mbali — kaja mbio. Ijumaa kuna wageni wa kuonyeshwa programu, hataki maonyo mekundu. Akaniambia: rudisha sifuri, dada yangu, funika kombe mwanaharamu apite.
Nikamwambia sifuri ni namba. “Sijui” si namba. Mtoto ambaye hajapimwa si mtoto asiye na uzito! Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia muuguzi mkuu wa wodi. Akauliza, sasa huyo wa gramu mbili angepewa dawa kiasi gani? Nikasema, tone lisilomtibu hata sisimizi. Akasema: mwanangu, hapo usiguse tena.
Sigusi!

Alhamisi, 7 Machi
Bosi kasema nirudishe sifuri au nikabidhi kitambulisho cha mlangoni. Nyumbani Mama naye: kazi hazipatikani, mwanangu, mkono usioweza kuukata ubusu. Nikamwambia huu siubusu. Akanisonya, halafu akanipakulia chakula mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekuta sifuri imerudishwa. Bosi mwenyewe! Nimeiondoa, nimebadilisha nywila. Wageni wako chumba cha mkutano, wanakunywa chai, wanangoja.
Naandika haya nikiwa nimekikalia kiti changu. Nimeambiwa niondoke, nimegoma. Kaletwa fundi wa kompyuta wa ghorofa ya chini aketi badala yangu, arudishe sifuri. Nikamwambia: kaka, isome kwanza programu hapa kwenye skrini, halafu nitakupisha. Amesimama nyuma yangu, anasoma. Bosi mlangoni anauliza anangoja nini.
Fundi kavuta kiti kingine, kakaa ubavuni kwangu, bado anasoma —