Siku Sauti Yako Ilipoingia Kanisani Dilala

Tata, baba yangu mpendwa,

Jumapili Kapinga alikuja nyumbani na mume wake, wakaniomba niwawekee tena video ya ndoa yao. Tukaitazama wote, na mama. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge, kisha akasema, "Andikia tata yako." Nikamwambia wafu hawana anwani. Akasema, "Andika tu. Wewe njo uliharibu ile siku, wewe njo utaieleza."

Basi naandika. Siku ile ulikuwa Mwene-Ditu, kule Kasai, umekaa mbele ya telefone ya jirani yako Mama Ngalula, na uliona upande mmoja tu. Hukuuliza kamwe yaliyotupata huku, nami niliona aibu kukueleza.

Unajua tulivyoachana. Kampuni ilikuwa inakufa, migodi inaporomoka, mishahara haiji, na pale Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, vijana wakaanza kuimba kwamba Wakasai, watu wa asili ya Kasai kama wewe, warudi kwao. Kwao! Wewe uliyezaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampuni. Ndugu za mama wakaja kutoka Lubudi, wakasema dada yao hapandi na mimba yake treni ile ya waliofukuzwa, maana watu walikuwa wanafia njiani, watoto kwanza. Mama alilia. Wewe ulisema, "Abaki. Mutoto azaliwe muzima." Nilikusindikiza mpaka gare, kwenye kituo cha treni, nikiwa nimeshika koti lako, na uliponiambia niliachie sikuweza, ikabidi mjomba anifungue vidole. Tuliporudi nyumbani kuchukua vitu, mlango ulikuwa wazi na ndani mna upepo tu. Hata frigo, jokofu letu, haikuwepo, na majirani wakanong'ona ni nani aliyeibeba.

Kule Kasai nako wakakupa jina: Mukatanga, mtu wa Katanga. Ulinichekesha uliponiambia kwa simu: "Huku mi ni Mukatanga, kule mi ni Mukasai. Nitalalaka fasi gani, ku poteau ya mupaka?"

Miaka ikapita. Kapinga, uliyemwacha tumboni, akawa mwanamke na kuleta mchumba, Fidèle, kijana mpole, fundi wa magari. Mama akauliza, "Mutoto ya nani?" Mtoto wa Tata Muteba, yule jirani yetu wa Dilala, ukuta kwa ukuta. Mama akaacha kukoroga unga wa bukari chunguni. Alipokupigia simu ulimtaka arudie jina. Kisha ukauliza, "Kijana anamupenda?" Mama akasema anampenda. Ukasema, "Basi."

Lakini Kapinga akaweka sharti lake: bila baraka ya tata hafungi ndoa. Miguu yako ilikuwa imevimba, na treni siku hizo ilikuja ilipotaka. Hapo nikafungua mdomo wangu mkubwa: "Nitamuleta tata kwa kompyuta." Kazi yangu si kurusha sherehe moja kwa moja? Kamera zote zinaingia kwenye kompyuta, nami nachagua ipi watu waione. Wewe ungekuwa kamera mojawapo, sura yako ikiangushwa kwenye kitambaa cheupe mbele ya kanisa. Mama alinionya jambo moja tu: "Atoe baraka, basi. Mambo ya zamani yasisikike mule ndani. Batu ya Muteba beko wepesi kukasirika, ndoa inaweza kuvunjika ku mulango."

Nikaahidi.

Asubuhi ya ndoa nikaweka meza yangu pembeni, karibu na ngoma za kwaya. Kamera ya kwanza ikakubali. Ya pili, aliyoshika rafiki yangu Dido, ikaleta giza. Nikabadilisha waya, giza. Nikazima kompyuta na kuiwasha, giza. Wageni wanaingia, Dido ananiambia pengine ni mimi mwenyewe nina mkosi, na pale pale akatokea Mama Diakone wa kikundi cha maombi. Hakuuliza kitu. Aliweka mikono miwili juu ya kompyuta, akapaza sauti: "We pepo ya giza, toka!" Mimi niko chini ya meza nafuata waya, nikaona kamera zote mbili nimezichomeka kwenye kigawanyio kimoja, na umeme wake hautoshi kulisha zote. Nikachomoa ya Dido, nikaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Picha ikaja. Juu ya meza nikasikia makofi na vigelegele. Nilipotoka na vumbi magotini, Mama Diakone alikuwa tayari anatoa ushuhuda. Mpaka leo wenye kompyuta mbovu wanampelekea yeye, si mimi.

Kisha wewe ukaingia. Kwanza tuliona paa la Mama Ngalula, kisha tundu la pua yako, kubwa kama mlango wa mgodi, limejaa kitambaa kizima. Kwaya ikapoteza wimbo. Kapinga alikuwa nje bado, anasubiri kuingia, lakini akasikia watu wakisema "Njo tata yake!" akachungulia dirishani na shela lake lote. Dido akamgeuzia kamera, ukamwona. Ukasema, "Ee, mama yangu," maana ulimpa jina la mama yako, na ukashindwa kuendelea. Hapo hakuna kilichoharibika. Hapo mashine zote zilifanya kazi.

Pasta alipoanza ukaninong'oneza, nikakusikia mimi tu kwenye vipokea sauti: "Pasta yenu eko nabii. Anasema amina mbele ya kufungua kinywa." Kweli, sauti ilikuwa inatangulia picha. Picha inachelewa kupita kwenye kompyuta, sauti haichelewi. Nikaichelewesha sauti kidogo, mdomo na neno vikakutana, ukasema, "Sasa amekuwa mutu."

Balaa lililofuata ni mwangwi. Telefone yako ilikuwa inasikia kanisa na kuturudishia. Pasta akisema "Mungu ni mwema," nasi tukaitikia, sekunde chache baadaye Mwene-Ditu inasema "Mungu ni mwema," na wazee wa nyuma wanaitikia tena. Aliposema "Tusimame," watu wakasimama. Aliposema "Tuketi," wakaketi, na wewe ukawasimamisha upya. Basi nikaamua kukufunga sauti upande wa kanisa mpaka ufike wakati wa baraka. Kwenye kompyuta palikuwa na vitu viwili vyenye jina moja, "telefone": wewe, na ile simu ya zamani niliyoifunga kwa utepe kwenye nguzo iwe kamera ya tatu. Nikafunga moja. Mwangwi ukakoma. Nikajipongeza, nikanywa maji.

Kumbe nilifunga ile simu ya nguzoni. Mwangwi ulikoma kwa sababu Mama Ngalula alikuwa ameziba tundu la sauti la telefone kwa kidole. Dido akageuza kamera yake kwenye kiti cha mbele, Mama Ngalula akaondoa kidole ili asogeze telefone aione picha vizuri, na pasta akatulia kidogo kutafuta ukurasa wa Biblia. Katika utulivu huo sauti yako ikajaa kanisa lote:

"Mama Ngalula, angalia. Ule muzee ya koti ya kijani, anaikaa mbele sawa waziri. Njo yeye alibebaka frigo yetu siku balitufukuzaka."

Na Mama Ngalula, Mungu amsamehe: "Frigo? Na mulango yake?"

"Na mulango yake!"

Tata, kanisa zima liligeukia koti la kijani la Tata Muteba. Mtoto mmoja aliyekuwa analia tangu asubuhi alinyamaza. Mama aliniangalia, sitaki kukueleza alivyoniangalia. Wajomba wa Lubudi wakavua miwani. Upande wa kina Muteba watu wakaanza kukusanya mikoba yao. Kapinga alikuwa ameshika mkono wa Fidèle, hauachii. Mimi nilibonyeza kila kilichobonyezeka: nikazima kamera ya kwanza, nikawasha wimbo wa keki, nikauzima, na mwishoni nikakupata na kukufunga. Nilikuwa nimechelewa.

Tata Muteba akasimama. Mzee mrefu, unamjua. Akamwomba pasta maikrofoni, akanigeukia. "Fungula sauti yake," akasema. "Mi nataka anisikie, na mi nimusikie."

Nikaangalia mama. Mama akainamisha kichwa. Nikafungua.

"Tata Mukendi," akakuita kwenye kitambaa, "njo miye. Mi na kaka yangu. Tuliiruka ukuta, tukaibeba."

Wewe kule ulikuwa bado hujui kwamba tulikusikia. Uso wako kwenye kitambaa ulitanuka. "Balinisikia?" ukauliza. Kanisa zima likajibu, "Ndiyo!"

Ukakohoa. Ukafikiri. Kisha ukasema, "Muteba, ile frigo ilikuwaka imekufa. Ilikufaka mbele ya Noeli. Tulikuwa tunawekaka mo biatu."

Hapo kicheko kikapasuka, kikaanzia kwa kwaya, kikafika mpaka kwa wajomba. Wazia wazee wale wawili walivyoruka ukuta na maiti ya frigo mgongoni! Hata Fidèle alicheka. Lakini Tata Muteba hakucheka. Alisubiri watu watulie, akasema polepole:

"Miye sikujua kama imekufa. Nilibeba nikijua iko nzima. Tena nilibeba nikijua wewe uko ku gare na mutoto anakushika koti. Kosa iko ile ile."

Ukasema, na hii mama anairudia mara nyingi: "Frigo haiko kitu. Mi nilipita mbele ya nyumba yako na balizi yangu ya nguo. Ulikuwa ku mulango. Haukunisalimia. Ile njo iliniuma."

Tata Muteba akaweka maikrofoni kitini, akakiinamia kitambaa, akainua mkono wake wa kuume juu kabisa. Na sekunde ile ile ukaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba, kama mtu aliyeshikwa na chafya ikakwama. Mzee wa watu amesimama na mkono juu, kanisa zima linangoja, na hakuna aliyejua kama umeona au hukuona.

Tata, hapo ndipo niliitwa fundi kweli. Mtandao ulikuwa umejaa, maana nilikuwa narusha ndoa kwa jamaa wote wa Lubumbashi na Likasi. Nilijua watanitukana. Nikakata. Nikazima matangazo yote, nikazima kamera zote, nikasimamisha picha yako pale ilipoganda, nikabakiza uzi mmoja tu wa sauti, kutoka kwako mpaka kwetu. Sura yako iliyoganda ikabaki kwenye kitambaa. Kikakwaruza kitu. Kikakwaruza tena.

"…juu ya nini ule muzee anaganda na mukono juu? Anaomba kwenda ku choo?"

Mama akainuka, akaenda mwenyewe kwenye maikrofoni. "Anakusalimia, baba Kapinga. Inua wako."

Tukasikia kiti kikilia, kisha kitu kikianguka. Mama Ngalula baadaye alisema ni bilauri. Ukasema, "Nimeinua. Mumwambie nimeinua. Sasa aikae, atachoka, tuko wazee." Kapinga na Fidèle wakapiga magoti, ukawabariki kwa Kiswahili cha Dilala, ukachanganya Ciluba, lugha ya Kasai, pale maneno yalipokuishia, na chafya ile juu ya kitambaa ikiwaangalia muda wote. Hakuna aliyekumbuka kuitazama.

Baada ya hapo wewe na Tata Muteba mkawa mnapigiana simu kila mara, mkibishana kuhusu mpira kuliko watoto wadogo. Ulipotutoka, ni yeye wa kwanza kufika kwetu, na ni yeye aliyesema anapanda treni pamoja nasi. Mama hakukataa.

Nilipoingia Mwene-Ditu ndugu zako wakaniuliza, "Wewe mwenye kamera, mbona umekuja mikono mitupu? Nani atachukua picha za tata yako?" Nikawaambia wachukue wao. Niliingia chumbani ulipolazwa, nikakaa kwenye mkeka kando yako. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyokukumbuka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba siku ile gare mimi ndiye nilikuwa mtoto, nikikutazama kutoka chini. Nikaushika mkono wako. Hakuna aliyekuja kunifungua vidole, nikakaa mpaka nilipotaka mwenyewe.

Lala vizuri, tata. Mama anakusalimu, na anasema uache kumchekesha watu wakiwa wanasali.

Ni mimi, kifungua mimba wako