Papa, nati ilikuwa kwenye mkebe wako

Papa mpendwa,

Maji yametoka. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitapasuka. Yametoka jikoni kwa mama, kwenye bomba nililolifunga mimi mwenyewe asubuhi hii.

Tangu tukuzike, sakoshi yako, mfuko wako wa vifaa vya ufundi bomba, imekaa chini ya kitanda. Tonton, mdogo wako, alikuwa aje kuichukua leo saa sita. Mama alisema, "Mwanamuke atafanya nini na funguo za robine?" Nikamwomba: nikilifunga bomba jipya la jikoni, hiyo robine yake, lisivuje kabla tonton hajafika, sakoshi inabaki kwangu. Akacheka, akakubali, akaenda sokoni kuuza kwanga zake za muhogo.

Bomba nililinunua dukani Makiso, lile la vipande vingi, ndani ya boksi zuri ajabu. Nikamwaga kila kitu mkekani. Raba mbili hazimo. Nati kubwa ya kulishika chini ya sinki nayo haimo. Nilimtukana muuzaji kwa Lingala na kwa Kiswahili, nisamehe. Halafu nikakumbuka mkebe wako wa maziwa ya unga, ambamo ulitia kila nati ya bomba lililokufa, na mama akauita makaburi. Nati ya saba niliyoijaribu iliingia bila kulalamika. Raba nilizikata kama ulivyokuwa ukifanya, kwa mpira wa ndani wa gurudumu la toleka, baiskeli ya kubeba abiria. Mwenye baiskeli aliyenipa kipande aliniuliza kama mimi ndiye yule mtoto aliyekuwa akipanda baiskeli nyuma ya papa yake na mkebe mapajani. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na nikarudi nyumbani mbio.

Nikafungua maji. Tone likadondoka chini ya nati. Halafu jingine. Nikashika ufunguo nikaze kwa nguvu zote, na hapo hapo nikapaona jikoni kwa yule jirani wetu wa Mangobo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikakaza hadi bomba lake likapasuka. Wewe ulisimama mbele yangu ukamwambia, "Pardon, mama. Ni miye nilivunja." Njiani ukaniambia hili tu: "Kaza na vidole kwanza. Ufunguo iko ya mwisho." Siku ile niliona aibu, sikukushukuru. Nakushukuru leo.

Basi nikaweka ufunguo chini. Nikafungua vyote upya, nikakata raba nene zaidi, nikakaza kwa vidole, kisha robo mzunguko tu kwa ufunguo. Pakakauka.

Mama na tonton waliingia pamoja. Mimi nilikuwa bado nimelala chini ya sinki nikipapasa kutafuta unyevu. Mama akafungua, akafunga, akafungua tena. Akapitisha kiganja chini ya nati, kikatoka kikavu.

"Bon," tonton akasema, "sakoshi iko wapi?"

"Iko na mwenyewe," mama akajibu. "Yule kule chini."

Sikutoka haraka, Papa. Nilikuwa nikilia kwa furaha, na nilitaka wamalize kwanza kunywa maji waliyokinga bombani.

Kesho naenda na mkebe wako kwa jirani yule yule wa Mangobo. Bomba lake linavuja, na ameniita mimi.

Pumzika vema,

Binti yako, mwenye sakoshi