Mukono wa Mama pa Gare

Liège, 3/3/2024

Yaya Huguette, dada yangu mukubwa,

Jambo. Magoti inapona? Sisi huku tuko bazima, baridi tu njo inasumbua. Mu site ya televizio ya huku nilipata filme ya 1993, siku balitufukuza Kolwezi juu ya kusema sisi ni bantu ba Kasai. Mama mwenye alitulea sisi wawili, hata weye mwenye hauko mutu wa Kasai, anaonekana: amekaa pa gare, anangojea treni, ananyanyua mukono kwa mutu fulani. Huyo mutu haonekane. Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta maji. Angalia, uniambie ni nani. Lien ya kufungua video iko hapa chini.

Mudogo wako, Mbelu

Kolwezi, 10/3

Mudogo Mbelu,

Asante kwa salamu. Magoti inauma na hii mvua, lakini minatembea. Nilifungua lien yako. Inaandika: « Video hii haipatikani mu inchi yenu. » Nilijaribu mara tatu. Basi, siwezi kukuambia kitu.

Yaya wako, Huguette

Liège, 17/3

Yaya,

Batoto banaamukaje? Niliuliza binti yangu Mignonne. Anasema kila téléphone yenye kuingia mu Internet inakuwa na namba, na ile namba inaonyesha inchi. Televizio ilinunua ruhusa ya kuonyesha zile picha mu Ubelgiji tu, njo maana site inaangalia kwanza uko wapi. Haijue weye ni nani. Usijali, Mignonne ataifilme na téléphone yake, tutakutumia.

Mudogo wako, Mbelu

Kolwezi, 18/3

Mbelu,

Leo sisalimie, unisamehe. Usitume. Video ilipokataa, nilifurahi. Haya inanikamata hata kuandika.

Huyo mutu ni mimi. Nilileta bidon ya maji pa gare. Bakijana benye balifunga njia pa barrière hawakuuliza jina. Sawa na ile site, baliuliza tu: huyu mama ni wa wapi, unamujua? Mama alininyanyulia mukono. Nilisema simujue, nikarudi na maji yangu. Miaka makumi tatu minasema ni bale bakijana balibafukuza. Na mimi nilifukuza.

Yaya wako, Huguette

Kolwezi, 2/6

Mbelu,

Uko muzima? Tangu mwezi wa tatu sina habari yako. Jana video ilifika, bila neno hata moja. Nimeiangalia.

Mama hakuniita. Mukono wake unasukuma, kama vile tunafukuza kuku pa mulango: enda, enda. Aliona bale bakijana nyuma yangu, akaogopa batanipiga. Na mimi nilikuwa nimeisha kugeuka, sikuona.

Neno yaya siliandike leo. Uniambie weye kama ningali yaya wako.

Huguette