Kofia ya Mwanasesere

Kaka yangu mpenzi,

Kabla hata sijakuamkia, ngoja nikuambie alichofanya mpwa wako sasa hivi. Amechukua kile kiplastiki changu kilichojikunja, akamvisha mwanasesere wake kichwani, akaja kunionyesha kwamba mwanasesere amepata kofia ya kwendea harusini. Kimemkaa kweli, huwezi kuamini. Halafu akamtazama yule mwanasesere wa pili, asiye na mkono, akaniuliza huyu naye atavaa nini. Nikambusu kisogoni, nikamwambia asubiri kidogo, ya mwenzake inakuja.

Shikamoo kaka. Hujambo, na mkeo na watoto hawajambo? Macho yako yanaendeleaje? Mama aliniambia bado yanakuwasha ukimaliza kuchomelea. Tafadhali vaa ile miwani ya kazi, usiitundike shingoni kama mkufu.

Sisi huku wazima. Nyumba inanuka marashi na nywele za kupigwa pasi, maana wifi yangu, dada wa mume wangu, anaolewa Jumamosi. Nilifurahi sana uliposema utakuja. Lakini ulisema pia kwamba hamu yako si harusi, ni kuniona nikicheka, na hapo ndipo usingizi uliponiisha. Ndiyo maana nakuandikia, nikaona ni bora ulijue kabla hujashuka kwenye basi. Lile jino limerudi, kaka. Si kama zamani kabisa, ila limeanza kumlalia mwenzake, kama mtu anayechomekea foleni.

Najua ulichokitoa. Ni wewe uliyenivua lile jina la Msumeno nililopewa tukiwa wadogo. Ulichomelea mageti ya watu mpaka nikafungwa waya za meno, na siku zilipofunguliwa nilijitazama kwenye kioo cha daktari nikalia mpaka yule daktari akacheka. Kama ningezembea ningekuomba radhi hapa hapa na kunyamaza. Sikuzembea. Sikiliza ilivyokuwa.

Siku ile ya kufunguliwa waya, wifi ndiye aliyenisindikiza. Mpwa wako alikuwa bado wa kunyonya, na daktari alipoanza kueleza namna ya kukitunza kile kifuniko cha plastiki cha kushikilia meno, mtoto akaangua kilio, haambiliki. Nikatoka naye kwenye korido nikawa nambembeleza huku na huku. Wifi akabaki ndani asikilize kwa niaba yangu. Alipotoka akaniambia, wifi, daktari kasema kivae usiku na mchana, ukivue wakati wa kula tu, na kila asubuhi ukichemshe sufuria moja na chupa za mtoto. Plastiki ni plastiki, akasema, wadudu ni wale wale.

Mimi na shule yangu ile unayoijua, ningejuaje? Chupa za mtoto nilikuwa nazichemsha kila siku. Niliona jambo la akili kabisa, nikamshukuru. Kesho yake nikakitia. Nilipokitoa kilikuwa kimesinyaa kama jani lililopita kwenye moto, hakiingii juu wala chini. Nikakilazimisha, kikanichana ufizi.

Nilitaka kurudi kwa daktari. Wifi akaniambia daktari atanitukana, na kingine lazima ulipe wewe, je, nina uso wa kukuomba tena? Mume wangu, ambaye si mtu mbaya ila anapenda mambo yasiyo na safari wala gharama, akasema nimeshaolewa, hayo meno namwonyesha nani. Nikaacha kwenda. Nikaanza kuziba mdomo na ncha ya mtandio kila ninapocheka, na jino likatembea taratibu bila kumwomba mtu ruhusa.

Kumbe wifi naye aliyatamani. Alikuwa na mwanya, kaka, mwanya mzuri wa mbele ambao wengine wanaulilia, yeye akataka uzibwe kabla ya harusi. Mume wangu akatoa pesa, maana meno ya dada yake yana wa kuonyeshwa. Juzi juzi kafunguliwa waya, na safari hii mimi ndiye niliyemshikia mkoba. Mtoto nilimwacha kwa jirani, nikakaa kitini masikio wazi.

Daktari ni yule yule. Akamwambia kioshe kwa maji ya baridi, mswaki laini na tone la sabuni. Ukikivua usikifunge kwenye karatasi, watu watakitupa na takataka, kiweke kwenye kisanduku chake. Na maji ya moto usithubutu, hata ya chai, kitajikunja. Akaongeza kwamba mwanzoni meno yana haraka, kama mtoto aliyeshushwa mgongoni, ukigeuka tu yameshakimbia. Nikamtazama wifi. Akawa anaangalia feni.

Bado nilijipa moyo. Nikajiambia labda siku ile alisikia vibaya, kelele za mtoto. Mimi ni mwepesi wa kusamehe, unanijua. Mpaka jana mchana. Wenzake walikuwa barazani wanamsuka, mimi niko nyuma ya pazia naongeza viti, nikamsikia anawahadithia. Nilimwambia achemshe, akachemsha! Angekuwaje na meno ya filamu ndani ya nyumba ya kaka yangu, na kusoma kwenyewe anafuata kwa kidole? Mmoja wao akacheka mpaka akaangusha kitana. Mwingine akasema, jamani, dhambi hiyo. Wifi akamjibu dhambi gani, Msumeno amerudi kwenye kazi yake.

Kaka, sikujua hata kama analijua jina lile. Nikatoa viti. Nikawapangia vizuri, nikawauliza kama wanataka maji ya kunywa.

Sasa nakuambia la leo, na usimwambie mama. Wifi kaingia kuoga. Kabla hajaingia amenikabidhi kisanduku chake cha waridi, akaniambia, wifi yangu mzuri, nioshee kifuniko, mikono yangu ina rangi ya kucha. Mikono ile ile anayokwenda kuogea. Nikachutama nikatoa ile sufuria ya chupa chini ya kabati. Ina ule mstari mweupe wa chumvi ya maji ndani bado. Nikaibandika, nikasubiri maji yacheze hasa, nikakitumbukiza kwa kijiko. Kilianza kujikunja pembeni, halafu katikati, kama kinaona haya. Nilidhani moyo utaniuma, lakini nilisikia njaa tu, nikala mkate. Kisha nikakipoza, nikakikausha, nikakirudisha ndani ya kisanduku na kukiweka juu ya kitanda chake, kando ya gauni la harusi.

Nimeuliza tayari: daktari aliyekitengeneza amekwenda likizo, harudi mpaka harusi iishe. Mwanya uanze safari yake kabla hata ya picha kusafishwa. Sitasema ni mtoto, sitasema ni bahati mbaya. Najua mume wangu atafoka. Afoke. Nitamuuliza meno ya dada yake anayeolewa anamwonyesha nani.

Na mimi nina habari njema, usihuzunike. Nilipokuwa namshikia wifi mkoba, daktari aliniona jino bila mimi kusema neno. Kasema halijaenda mbali, kifuniko kipya cha kulisukuma kitalirudisha. Hiki hulipi wewe. Nimeanza kupiga pasi nguo za majirani, na kikija nitakilaza kwenye maji ya baridi kama samaki. Hata ukifika kabla, nitakuchekea hivyo hivyo, bila mtandio.

Nisalimie mkeo na watoto. Mwambie mama mpwa wako ameota magego, nayapiga mswaki mwenyewe asubuhi na jioni, na hakuna atakayesikiliza daktari kwa niaba yake ila mimi. Njoo na ile jaketi nzito, huku asubuhi kuna

Wifi ananiita, kaka. Keshafungua kisanduku, nasikia sauti ilivyopanda. Mpwa wako kasimama mlangoni na yule mwanasesere asiye na mkono. Mtandio nauacha kitini. Nikifika nitacheka kwanza, meno yote nje, ndipo nimwambie, wifi, daktari kasema